Jino Linapouma, Nani Alipe? Ulinganisho wa Bima Binafsi, Bima ya Umma na Fedha Taslimu kwa Familia za Kenya na Tanzania

Mtu anapochagua bima ya afya, macho yake hukimbilia kwanza kiwango cha kulazwa hospitalini, kisha huduma za uzazi, kisha orodha ya hospitali. Mstari wa meno, ambao kwa kawaida huwekwa karibu na mwisho wa jedwali pamoja na ule wa macho, husomwa kwa haraka au hausomwi kabisa. Kabla mwaka haujaisha gego la mtoto au la mama mwenye nyumba limetoboka, na hapo ndipo familia hugundua kwamba kadi waliyoilipia inakubali kung'oa jino lakini haikubali kulivika taji (kofia ngumu ya kulifunika), au kwamba inakubali matibabu yote lakini kikomo chake kilikwisha tangu Machi kwa sababu ya mtu mwingine wa nyumba hiyohiyo.

Ninalinganisha hapa njia tatu za kugharimia matibabu ya meno, yaani bima binafsi yenye kipengele cha meno, bima ya umma, na fedha taslimu kutoka mfukoni au katika akiba. Msimamo wangu ni kwamba kikomo cha fedha peke yake hakitoshi kumwonyesha mtu bima ipi ni bora. Inampasa afuate safari ya jino moja lililooza, tangu tundu dogo hadi mwisho wa matibabu, aone kila njia inalipia hatua zipi na inamwachia mzigo upi. Kwa sababu hiyo naanza na jino lenyewe.

Jino linadai nini

Jino linaloshtuka kwa maji baridi kisha likatulia baada ya sekunde chache huwa bado na kiini kizima. Kwa hali hiyo, kwa kawaida, kuziba kunatosha: daktari huondoa sehemu iliyooza, hujaza tundu, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Hatua hii ni ya gharama nafuu, na karibu kila bima yenye kipengele cha meno huilipia. Afrika Mashariki ina sehemu yake katika historia ya hatua hii. Katikati ya miaka ya 1980, nchini Tanzania, ilianza kutumiwa mbinu ya kuziba meno isiyohitaji umeme wala mashine ya kutobolea. Uozo huondolewa kwa vifaa vya mkono, na tundu huzibwa kwa saruji ya glasi ayonoma inayoshikamana na jino. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiweka saruji hiyo katika orodha yake ya dawa muhimu. Kwa hiyo mtu anayeishi mbali na mji asikubali kwa urahisi kauli kwamba kituo kisicho na mashine hakina la kufanya isipokuwa kung'oa. Aulize kwanza kama kuna mtaalamu anayeziba kwa vifaa vya mkono, hasa kwa watoto.

Maumivu yakianza kudumu kwa dakika nyingi baada ya kitu cha moto au cha baridi, au yakimwamsha mgonjwa usiku bila kuguswa na chochote, mara nyingi kiini cha jino, chenye neva na mishipa ya damu, kimekwisha kuharibika kiasi cha kutorudi. Kuziba peke yake hakutasaidia tena. Vidonge vya maumivu hutuliza kwa saa chache, na dawa za kuua bakteria, ambazo watu wengi huzinunua dukani bila kuandikiwa, haziwezi kulitibu jino ambalo kiini chake kimekufa, kwa kuwa damu ya kuifikisha dawa ndani yake haipo tena. Hapo zimebaki njia mbili, kutibu mzizi au kung'oa, na uamuzi huu ndio unaoonyesha ubora na upungufu wa kila bima kuliko uamuzi mwingine wowote.

Inafaa kuangalia kwa karibu kinachofanyika katika kutibu mzizi, kwa sababu bei yake inatokana na kazi hiyo. Daktari hupiga sindano ya ganzi, hutoboa jino kwa juu, kisha huingiza sindano nyembamba zenye makali, moja baada ya nyingine, kusafisha kila mfereji hadi karibu na ncha ya mzizi, huku akipima urefu kwa eksirei au kwa kifaa maalumu. Jino la mbele kwa kawaida lina mfereji mmoja, lakini gego huweza kuwa na mitatu au minne, na ndiyo sababu gharama ya gego huwa kubwa zaidi na ziara huweza kufika mbili au tatu. Mifereji ikishasafishwa hujazwa, na juu huwekwa kizibo. Kwa jino la mbele lisiloharibika sana kazi inaweza kuishia hapo. Kwa gego kazi haijaisha, kwa sababu sehemu kubwa ya mwili wake imekwisha kuondolewa na kuta zilizobaki ni nyembamba. Mtu atafunapo mahindi ya kuchoma au kipande cha mfupa, jino hilo laweza kupasuka hadi chini ya ufizi, na likipasuka hivyo halina tiba isipokuwa kung'olewa. Kinachozuia hilo ni taji, yaani kofia ngumu inayolifunika jino lote, na gharama ya taji mara nyingi hulingana na ile ya kutibu mzizi au kuizidi.

Kung'oa, kwa upande wake, hukamilika kwa ziara moja na kwa fedha kidogo. Kuna wakati ndilo jibu sahihi, kama jino limeoza hadi chini ya ufizi, limelegea kwa ugonjwa wa fizi, au ni gego la mwisho lililokosa nafasi ya kuota vizuri. Lakini gego la kutafunia likiondoka, majirani zake huanza kuegemea pengo, na lile la taya ya pili linaloelekeana nalo huweza kushuka au kupanda kulifuata. Kuliziba pengo hilo baadaye kwa daraja, yaani jino bandia linaloshikizwa kwenye meno ya jirani, kwa jino bandia la kuvaa na kuvua, au kwa kipandikizi kinachowekwa ndani ya taya ni gharama nyingine, na kipandikizi ndicho ghali kuliko yote. Anayesema amechagua kung'oa kwa sababu ni rahisi huwa amehesabu ziara ya kwanza peke yake.

Bima binafsi

Katika soko la Kenya, na kwa kiasi kikubwa Tanzania pia, bima binafsi ya afya hujengwa kwa tabaka. Msingi ni kulazwa, juu yake huongezwa matibabu ya nje, na juu ya hayo huongezwa meno na macho kwa mchango wa ziada. Ni nadra kwa mtu binafsi kununua meno peke yake. Mara nyingi hataruhusiwa kuchukua meno mpaka awe na matibabu ya nje. Kwa hiyo gharama halisi ya bima ya meno si ule mchango mdogo ulioandikwa kwenye mstari wake. Kama usingechukua matibabu ya nje kwa sababu nyingine, basi na gharama yake nayo ihesabiwe.

Mstari wa meno katika jedwali la mafao huweza kusomeka hivi: shilingi elfu thelathini kwa familia kwa mwaka, zinazohusika ni kumwona daktari, eksirei, kung'oa, kuziba, kutibu mzizi, na kusafisha meno kwa maelekezo ya daktari, zisizohusika ni mataji, madaraja, vipandikizi, meno bandia, vyuma vya kupanga meno na huduma za urembo, isipokuwa pale madhara yalipotokana na ajali. Usome mstari wa namna hiyo neno kwa neno. "Kwa familia" maana yake watu watano wanachota kutoka kisima kimoja, na anayeugua mwishoni mwa mwaka huenda akakikuta kikavu. Kikomo cha kila mtu, hata kikiwa kidogo kwa tarakimu, kinaweza kuwa na thamani zaidi kwa nyumba yenye watoto wengi. "Kwa maelekezo ya daktari" maana yake kwenda mwenyewe kuondolewa ugaga, jambo jema kwa fizi, huenda kusilipwe hadi daktari aandike kwamba kuna ugonjwa wa fizi. Na kuachwa nje kwa taji maana yake bima italipia kutibu mzizi wa gego kisha itakuacha njiani, ukiwa na jino lililotibiwa ambalo ni rahisi kupasuka.

Hili la mwisho ndilo ninaloliona kuwa kasoro kubwa ya bima nyingi za meno katika ukanda wetu, na sioni kwa nini wateja wasilisemee, hasa wafanyakazi wanaochaguliwa bima na mwajiri. Kampuni au taasisi inayojadiliana na bima kwa niaba ya mamia ya watu ina nguvu ya kuomba taji liingizwe, hata kwa sharti la kuchangia nusu ya gharama, kwa jino ambalo bima hiyohiyo imelipia matibabu ya mzizi wake. Ombi hilo ni dogo kuliko kudai kikomo kipandishwe maradufu, na litaokoa meno mengi zaidi.

Kuna masharti mengine yanayopunguza thamani ya kikomo kikubwa. Kipindi cha kusubiri humzuia mwanachama mpya kutumia kipengele cha meno kwa muda uliotajwa katika mkataba. Sharti la kibali humtaka daktari kutuma mpango wa matibabu na eksirei kabla ya kuanza kazi kubwa, na mgonjwa asiyelijua huanza matibabu kisha dai likakataliwa. Orodha ya kliniki zenye mkataba nayo ni ya kuangaliwa, kwa kuwa hospitali unayoipenda inaweza kuwa na mkataba wa kulaza na wa matibabu ya nje lakini kitengo chake cha meno kisiwe na mkataba. Mwisho ni aina ya kizibo: baadhi ya mikataba hulipia bei ya kizibo cha kawaida, na anayetaka cheupe hujazia tofauti mwenyewe.

Bima ya umma

Nchini Kenya, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF ya Kenya, mfuko wa taifa wa bima ya hospitali, tarehe 1 Oktoba 2024. Mwajiriwa huchangia asilimia 2.75 ya mshahara wake ghafi, na asiye na mshahara hukadiriwa kwa mapato ya kaya, kwa mchango usiopungua shilingi 300 kwa mwezi. Kwa kuwa mchango huu ni wa lazima, swali la kuchagua kati ya SHA na bima binafsi halipo kwa Mkenya anayefuata sheria. Lililopo ni kama inamfaa kuongeza bima binafsi juu ya ile anayokwisha kuilipia. Hili hubadilisha hesabu yote. Kabla ya kununua kipengele cha meno, nenda katika kituo kilicho karibu nawe ukaulize kwa maneno mahususi, "Kuziba gego, kutibu mzizi na kung'oa, ni lipi kati ya haya mnalolifanya hapa kwa SHA, na ni lipi nitakalolilipia?" Jibu la kaunta ya kituo chako lina uzito kuliko maelezo ya jumla, kwa sababu huduma ikiwemo kwenye orodha lakini kiti cha meno hakifanyi kazi, kwako wewe haipo.

Nchini Tanzania, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ulioanza kutoa huduma mwaka 2001, unakusanya asilimia 6 ya mshahara wa mtumishi, nusu ikitoka kwake na nusu kwa mwajiri. Humhudumia mchangiaji, mwenza wake na wategemezi wasiozidi wanne, na huduma za kinywa na meno zimo katika mafao yake. Ukilinganisha na bima binafsi ya kiwango cha chini, ubora wake ni kwamba haianzi kwa kukupa kibegi kidogo cha meno cha kugawana na watoto; hulipia huduma zilizomo katika orodha yake kwa bei zake katika vituo vilivyosajiliwa. Udhaifu wake ni hizohizo bei na orodha. Kitita kipya cha mafao kilipoanza kutumika Machi 2024, baadhi ya hospitali binafsi zilipinga bei zilizopangwa na kusitisha kwa muda kuwahudumia wanachama. Mwenye kadi ya umma hana budi kujua kituo cha serikali kinachotoa huduma za meno karibu naye, hata kama kwa kawaida hutibiwa kwingine, ili kadi isikose mlango wa kuingilia siku ya maumivu.

Kwa kaya za Tanzania zilizojiunga na Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, CHF, mchango uliokuwa ukitozwa ni shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita. Kwa bei hiyo ulikuwa msaada mkubwa kwa malaria na homa za watoto, lakini kwa meno tegemeo lake lilikuwa kituo cha ngazi ya chini na rufaa yake, ambako kung'oa ndiko kulikopatikana kwa urahisi zaidi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 imekusudia kuwaingiza wananchi wote katika mfumo wa bima, na wanaofuatilia utekelezaji wake wangefanya vyema kuulizia meno katika vitita vyake.

Kulipa mwenyewe

Wengi hulipa taslimu kwa kukosa bima, si kwa kuchagua. Hata hivyo ni njia inayoweza kuchaguliwa kwa akili, na kwa watu fulani ni bora kuliko kipengele cha meno cha bima binafsi. Nitatumia tarakimu za mfano tu, ili uziweke badala yake zile utakazopewa katika kliniki za kwenu.

Tuseme familia ya watu wanne nchini Kenya inaombwa mchango wa ziada wa shilingi 12,000 kwa mwaka kwa ajili ya meno, kwa kikomo cha shilingi 30,000 cha familia nzima. Mwaka mtulivu, watoto wawili wanapimwa na wazazi wawili wanasafishwa meno kwa jumla ya shilingi 8,000. Bima imekula 12,000 kwa huduma za 8,000, na hasara ni 4,000. Mwaka mgumu, watoto wawili wanazibwa gego mojamoja kwa 4,000 kila mmoja, na baba anatibiwa mzizi wa gego kwa 18,000 kisha anawekewa taji kwa 25,000. Jumla ni 51,000. Bima inalipa 26,000, taji linabaki kwake, na pamoja na mchango familia imetoa 37,000 badala ya 51,000, imeokoa 14,000. Sasa mama naye ahitaji kutibiwa mzizi mwezi Novemba wa mwaka huohuo kwa 18,000. Kikomo kimebakiza 4,000, na familia inatoa 14,000 nyingine mfukoni.

Ninachokiona katika hesabu ya aina hii ni kwamba kipengele cha meno chenye kikomo kidogo hulipa vizuri katika mwaka wa shida ya wastani, hupoteza kidogo katika mwaka mtulivu, na hukwisha kabla ya shida yenyewe katika mwaka wa shida kubwa, yaani wakati ambao bima ndiyo ingepaswa kumbeba mtu. Familia yenye nidhamu ya kuweka shilingi 1,000 kila mwezi katika akaunti isiyoguswa kwa jambo jingine itakuwa na 24,000 baada ya miaka miwili mitulivu, mradi kupimwa na kusafishwa kulipiwe kwa fedha nyingine, na akiba hiyo haina kipindi cha kusubiri, haina kibali, na inalipia taji. Hatari yake ni kwamba jino halisubiri akiba ikomae, na katika nyumba nyingi akaunti isiyoguswa huguswa ada ya shule inapofika. Asiyejiamini katika hilo ni afadhali anunue bima, kwa maana mchango uliokwisha kulipwa hauwezi kukopwa.

Anayelipa taslimu pia ana uhuru wa kutafuta bei, na autumie. Kliniki za mafunzo za vyuo, kama zile za Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili jijini Dar es Salaam na za Chuo Kikuu cha Nairobi, huwa na wanafunzi wanaofanya kazi chini ya macho ya wakufunzi wao. Ziara huchukua muda mrefu zaidi, kwa kuwa kila hatua hukaguliwa kabla ya kuendelea, na mwenye subira hupata kazi makini. Jambo moja lisijadiliwe hata kwa bei nafuu ya namna gani: anayekutibu awe amesajiliwa. Kenya madaktari wa meno wako chini ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, na Tanzania chini ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Mtu wa mtaani anayegandisha jino bandia kwa gundi juu ya mzizi uliooza anafungia usaha ndani, na gharama ya kuuondoa itakuwa ya hospitali.

Hali zinazobadilisha uchaguzi

Mtoto wa takribani miaka sita huota gego la kwanza la kudumu nyuma ya magego ya utotoni, bila jino lolote kung'oka kwanza. Wazazi wengi hulidhani kuwa la utotoni, na linapotoboka huliacha wakisubiri ling'oke lenyewe. Nyumba yenye watoto wa umri huo hadi miaka kumi na minne ndiyo ninayoishauri zaidi kuchukua kipengele cha meno, kwa sababu mahitaji yao mengi ni kupimwa na kuziba, huduma ambazo karibu kila bima hulipia. Uliza pia kama inalipia kuzibwa kwa mikunjo ya juu ya magego, ile ya sehemu ya kutafunia, kabla hayajaoza. Gharama yake ni ndogo na faida yake kubwa.

Wanaotoka sehemu za Arusha, Kilimanjaro na Bonde la Ufa la Kenya, ambako maji ya baadhi ya visima yana floridi inayozidi sana kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, wana suala lao. Meno ya kahawia yanayotokana na maji hayo hayakusababishwa na uchafu wala uzembe, na kijana anayeficha tabasamu lake kwa sababu yake ana shida halisi. Bima nyingi, hata hivyo, huhesabu kuyang'arisha au kuyafunika kuwa ni urembo. Kwa shida hiyo usinunue bima; weka akiba, na kwa watoto wadogo ambao meno yao ya kudumu bado yanajengeka ndani ya taya, fedha ya kwanza iende kwenye maji salama ya kunywa na kupikia. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mkoani Arusha, kimefanya kazi kwa miaka mingi ya kuondoa floridi kwa mkaa wa mifupa.

Kwa mzee ambaye meno mengi yamekwisha kuondoka, mahitaji makuu ni meno bandia, na hayo ndiyo bima binafsi nyingi huyaweka nje. Mchango wake wa meno mara nyingi ni fedha ya bure kwa kampuni, hivyo ni afadhali watoto wake wauweke pembeni kila mwezi kwa ajili ya seti ya meno. Kwa mwendesha pikipiki, au mzazi wa mtoto anayecheza mpira, kipengele cha kusoma ni cha ajali, ambacho mara nyingi huwa nje ya kikomo cha meno na chaweza kulipia hata taji na daraja. Jino la kudumu likitoka zima, lishikwe upande wa juu na siyo mzizi, liwekwe ndani ya maziwa, na mgonjwa afikishwe kwa daktari ndani ya saa moja, kwa sababu linaweza kurudishwa.

Na uvimbe wa jino unaposhuka chini ya taya au shingoni, mgonjwa akawa na homa, akashindwa kumeza au kufungua kinywa vizuri, hilo si suala la kikomo cha meno tena. Ni dharura ya kulazwa, inayoweza kuziba njia ya hewa, na aende hospitali kubwa saa hiyohiyo. Dai lake lifunguliwe katika kipengele cha kulazwa. Msimamizi wa madai wa bima akilipeleka kwenye meno kwa mazoea, mwombe aandike kwa maandishi kifungu anachokitumia.

Ningechagua nini

Kwa mwajiriwa mwenye watoto, ambaye mwajiri wake analipia sehemu ya mchango, bima binafsi yenye kikomo cha kila mtu ndiyo ningeichukua, pamoja na akiba ndogo ya taji. Kwa mtumishi wa umma wa Tanzania aliye na NHIF na anayeishi karibu na hospitali ya mkoa yenye kitengo kizuri cha meno, nisingeongeza bima binafsi kwa sababu ya meno peke yake. Ningeweka akiba kwa yale ambayo mfuko hauyalipii. Kwa kijana asiye na familia na mwenye meno mazima, akiba inatosha, mradi apimwe kila mwaka na asingoje maumivu. Mwenye gego ambalo tayari linauma asinunue bima leo kwa ajili ya gego hilo, kwa kuwa kipindi cha kusubiri kitakuwa kirefu kuliko uvumilivu wa jino. Alitibu kwa fedha aliyonayo, katika kliniki ya mafunzo au hospitali ya serikali ikibidi, kisha anunue bima kwa ajili ya yaliyobaki.

Kabla ya kutia sahihi, omba majibu ya maandishi kwa mambo manne: kikomo ni cha mtu au cha familia, taji baada ya kutibu mzizi linalipiwa au halilipiwi, kipindi cha kusubiri ni miezi mingapi, na kliniki gani za meno mjini kwenu zina mkataba leo. Hifadhi majibu hayo pamoja na kila risiti na eksirei. Dai likikataliwa kinyume cha yaliyoandikwa, anza kwa malalamiko rasmi kwa kampuni, na usiporidhika peleka suala kwa mamlaka ya usimamizi wa bima, ambayo ni IRA kwa Kenya na TIRA kwa Tanzania.

Angalia pia tarehe ya mkataba kuisha. Matibabu makubwa yakianguka karibu na tarehe hiyo, daktari anaweza kuyapanga ili mizizi isafishwe na kujazwa kwa kikomo cha mwaka huu, na kazi ya jino jingine isiyo ya haraka ilipiwe na kikomo kipya, jambo ambalo ni halali kabisa mradi kila huduma idaiwe kwa tarehe iliyotolewa. Lakini jino lililokwisha kufunguliwa lisiingizwe katika mpango huo wa kusubiri. Kizibo cha muda kimetengenezwa kukaa wiki chache tu. Kikivuja, bakteria hurudi katika mifereji iliyosafishwa na kazi yote huanza upya. Kama kibali kimechelewa, lipa ziara hiyo moja taslimu, chukua risiti yenye jina la huduma na namba ya jino, na uidai baadaye ikiwa mkataba wako unaruhusu kurejeshewa.